Njia Panda Iliyobeba Jina la Mwongo

Mama Pulchérie alikuwa na kawaida moja ambayo madereva wa pikipiki wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, waliijua na kuichoka. Akipanda pale sokoni, beseni lake la ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, likiwa tupu mapajani, hakusema anakokwenda. Alinyoosha mkono tu mbele. Wakifika kwenye duka la vipuri, njia ikiwa bado ndefu, alimgonga dereva begani, akashuka, akamalizia safari kwa miguu. Mvua inyeshe, jua liwake, alitembea. Njia panda iliyokuwa mbele ya nyumba yake ilikuwa na jina, na jina hilo hakutaka lipite mdomoni mwake.

Watu waliiita Kwa Vainqueur.

Mgeni angedhani huyo Vainqueur ana nyumba pale, au duka, au walau kibanda cha kuchajia simu. Wapi! Hakuwa na hata kigingi cha kufungia mbuzi. Nyumba ya pembeni mwa njia panda ilikuwa ya Mama Pulchérie, na kabla yake ilikuwa ya mumewe, Isidore, aliyeijenga tofali kwa tofali kwa faida ya karanga zake. Isidore alikuwa amekufa, na aliyemuua kwa ulimi wake ndiye aliyepewa njia panda. Mambo kama haya ukiyasikia kwa mbali unacheka. Mama Pulchérie alikuwa akiyasikia mlangoni pake kila asubuhi, kila pikipiki ilipofunga breki na abiria kusema, "Nishushe hapa, Kwa Vainqueur." Kila aliposikia, aliona kinyaa.

Ni lazima nieleze huyu mtu ametoka wapi, ingawa hata mimi kumtaja kunanichefua roho.

Vainqueur alianza kuwa katekista, akafukuzwa. Akahamia kwa Waprotestanti akawa mwimbishaji, akafukuzwa na huko. Hakuna aliyesema wazi kwa nini, lakini kila alipoondoka kulikuwa na kitu kilichopungua. Isidore, ambaye huruma yake ilikuwa ugonjwa, akamwokota. Alikuwa na shamba kubwa la karanga upande wa Lusenda, na katika shamba hilo ghala la udongo. Akampa Vainqueur kazi ya kulinda ghala, na mahali pa kulala humohumo, na sahani kila alipokuja mjini. Mama Pulchérie ndiye aliyempakulia. Alikumbuka vizuri jinsi alivyokuwa akilamba vidole, kimoja baada ya kingine, huku akimwita "mama yangu mupenzi".

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa pale Lusenda. Warundi wengi waliokuja walikuwa watu wa jembe, na kukaa bila jembe kuliwaumiza kuliko njaa. Isidore akamwachia mmoja wao, Pierre-Claver, kipande cha shamba alime kwa kugawana mavuno. Msimu ulipokwisha, wenye shamba na walimaji walikutana ghalani kugawana mbegu, kama walivyofanya wakulima wa karanga siku zote. Mlango ulifungwa, kwa sababu ukigawa karanga mlango wazi utagawana na kuku na mbuzi wa kijiji kizima. Ndani, Isidore akagundua kwamba magunia mawili ya mbegu yana maganda matupu. Mlinzi alikuwa ameziuza. Akamfukuza palepale, mbele za watu, bila kumpiga hata kofi.

Vainqueur akaenda moja kwa moja kwa wakubwa wa serikali. Akasema yeye alikuwa ndani ya ghala, mlango umefungwa, akasikia kwa masikio yake. Eti Isidore na Pierre-Claver na wenzao wameapa juu ya Biblia kuuchoma moto mji wa Baraka kuanzia sokoni, na kwamba kuna mitumbwi itakayokuja kutoka Kazimia na watu wa kuushika mji. Kwa nini mlango ulifungwa? Magunia yale yalikuwa ya nini? Kila swali lilikuwa na jibu, na kila jibu lilizaa jina jipya. Aliyemnyima bia Jumatatu, Jumanne alikuwa naye ameapa. Mji mzima ukaogopa. Vainqueur akapewa viatu vipya, akapewa nyumba ya kulala, akapewa askari wawili wa kutembea naye. Akina mama sokoni walimpa samaki bure wakimwambia asante kwa kutuokoa.

Isidore walimkamata mchana kweupe, akiwa amebeba gunia begani. Pierre-Claver walimfuata kambini. Wengine walirudi na miguu iliyovunjika. Hao wawili walirudishwa wamefunikwa.

Uongo wake ulianguka kwa jambo la kipuuzi. Alisema Jumatatu ya Pasaka alikuwa Kazimia, akaona kwa macho bunduki zikishushwa mitumbwini. Kumbe Jumatatu hiyohiyo alikuwa kwenye harusi kule Kilembwe, na picha zilikuwapo: Vainqueur katikati ya uwanja, shati limeloa jasho, paja la kuku mkononi, anacheza. Ndipo watu wakaanza kuulizana. Akafungwa, akachapwa, na akina mama walewale waliompa samaki wakamtupia nyanya mbovu alipopitishwa sokoni. Mama Pulchérie alifikiri basi, yamekwisha. Kisha akaja mkubwa mwingine, hakujua habari za mkubwa wa kwanza wala hakutaka kuzijua, akamtoa, akampa na shati jipya.

Na hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo Mama Pulchérie hajalielewa mpaka leo. Watu hawakumkimbia. Walimpenda. Kila mmoja alitaka kumwona yule aliyedanganya mji mzima. Walimkalisha, wakamnunulia kinywaji, wakamwambia, "Tupe ile ya ghala." Naye aliwapa. Alijifunza mahali pa kushusha sauti, mahali pa kutoa macho, na mwisho wake alipiga kifua na kusema, "Mi nilikuwa ndani!" Watu walianguka kwa kucheka. Baada ya muda ikawa hakuna harusi kubwa Baraka isiyoendeshwa na Vainqueur. Maneno "Mi nilikuwa ndani" yaliandikwa kwenye vizuia tope vya pikipiki. Watoto wakicheza mpira, aliyeushika kwa mkono akataka kukana, alipiga kifua akasema vilevile. Waliomcheka walijua kwamba watu walikufa. Walijua, wakacheka. Tumbo lake likawa kubwa, shingo ikajaa, na vidole aliendelea kulamba.

Sasa mtaa ulikuwa umepata bomba la maji. Lilijengwa palepale njia panda, ukuta wa saruji na koki nne, na ukuta ule ulikuwa mweupe, unangoja jina. Kila bomba Baraka lina jina lake limepakwa rangi, na jina likishapakwa halitoki. Mama Pulchérie alimwendea Henri, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mpole mwenye kupenda kila mtu aondoke ameridhika.

"Henri, ile ukuta banaandika nini?"

"Mama Pulchérie, si tunaandika tu vile bantu banaita hii fasi ya hapa. Kwa Vainqueur. Juu muntu akitumwa maji asipotee."

"Unaandika jina ya muuaji mbele ya mulango yangu?"

Henri akajikuna. "Mama, haiko mimi. Ni bantu. Ukibadilisha midomo ya bantu mbele ya siku ya fete, mi naandika ile utasema. Mi sina shida."

Basi hilo ndilo alilokuwa nalo: siku chache kabla ya sherehe ya kufungua bomba, ukuta mweupe, na midomo ya watu. Wajukuu zake wangechota maji pale. Wangesoma jina lile kabla hawajajua kusoma kitu kingine.

Alimwendea kwanza Bienfait, mtoto wa mdogo wake, aliyekuwa mwalimu wa historia. Alitaka aje kwenye kamati aseme kwa Kifaransa kizuri, maana Henri alikuwa dhaifu mbele ya Kifaransa. Alimkuta anasahihisha mitihani barazani. Bienfait alimsikiliza mpaka mwisho, na macho yake yakaanza kung'aa kama ya mtu aliyekumbuka hadithi tamu.

"Mama mukubwa, hii haikuanza na Vainqueur. Kule Angleterre, kwa Baingereza, zamani, zaidi ya miaka mia tatu, kulikuwaka muntu moja, Titus Oates. Alifukuzwa ku kanisa, akaingia ku Bakatolike, akakula chakula yabo, kisha akaenda kusema banataka kuua mufalme. Uongo mutupu! Bakamupa nyumba, bakamupa basoda ya kumulinda. Kila siku alikuwa anaongeza jina."

Mama Pulchérie alikaa chini. Hakuwa amewahi kusikia kwamba Vainqueur alikuwa na babu.

"Kisha?"

"Bakanyonga bantu, zaidi ya kumi. Kisha uongo ikajulikana. Bakamusimamisha pa mbele ya bantu, bakamutupia mayai ya kuoza, bakamupiga fimbo, bakamufunga."

"Muzuri."

"Kisha ikakuya mufalme mwingine, akamutosha, akamupa pension."

"Pension?" Mama Pulchérie akageuka pembeni, akatema mate kwenye mchanga. "Alikula pension ya bafu, bale bantu alibaua?"

"Mupaka akakufa. Na angalia, mupaka leo iko mu bitabu! Ku institut, professeur alituuliza jina yake ku examen. Nilipata point yote." Bienfait alikuwa akitabasamu.

"Na bale balinyongwa," akasema Mama Pulchérie, "majina yabo ni nani?"

Bienfait akaangalia karatasi za wanafunzi wake kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa na mmoja wao. "Kulikuwaka bapadri... ba-Jésuite. Na bwana mukubwa moja, muzee. Majina sikumbuke, mama mukubwa."

"Haukumbuke."

"Ku examen hawakuuliza."

Alimtazama mtoto huyu aliyemlea mgongoni, akasikia kinyaa kilekile cha njia panda. Mwongo amekufa miaka mia tatu, mifupa yake imeshakuwa vumbi, na bado jina lake linavuka bahari na maziwa linakuja kumfanya mwalimu wa Baraka atabasamu. Aliowaua hawakuvuka hata mto. Aliondoka bila kuaga, na lile ombi la Kifaransa hakulitaja tena.

Hasira ile aliibeba mpaka kwenye kituo cha pikipiki. Patrice alikuwa dereva mkongwe kuliko wote, ameanza kazi kabla ya barabara kupanuliwa, na madereva wengine walimheshimu. Mama Pulchérie akasimama mbele yake.

"Patrice, nataka kujua. Ni nani alianzaka kuita kwangu Kwa Vainqueur? Nionyeshe ile muntu."

Patrice akazima pikipiki. Akatazama wenzake, akatazama chini.

"Mama, tuache ile maneno."

"Nionyeshe."

"Ni we, mama."

Alidhani anamdhihaki. Lakini uso wa Patrice haukuwa na dhihaka.

"Wakati ya kilio ya papa Isidore," akasema taratibu. "Haukumbuke? Asubuhi yote ulikuwa unasimama pa barabara, unalia. Bamama bengine banaita mufu wao. We ulikuwa unaita Vainqueur. 'Vainqueur, kuya ukule! Vainqueur, kuya uone!' Mupaka kule pa duka ya bipuri tulikuwa tunasikia. Baclient bakaanza kusema, nishushe kule banalia Vainqueur. Kisha bakasema, kule kwa Vainqueur. Mi mwenyewe nilisema. Hatukukuwa na roho mubaya, mama."

Ni kweli. Kwao, katika kilio, mjane humwita marehemu wake. Anamwita kwa jina, anamwambia njaa uliyoniachia hii, watoto hawa uliowaacha, karanga hizi nani atazipanda. Jina la mfu hupigwa hewani mpaka kila jirani, hata aliyehamia jana, analijua. Ndiyo kazi ya kilio. Na yeye, kwa uchungu, alikuwa ameligeuza. Pumzi ya Isidore, ile iliyokuwa haki yake ya mwisho, alikuwa amempa yule mwingine yote. Siku zote za matanga. Na kila misa ya ukumbusho baada ya hapo, alipoandikisha nia isomwe kanisani, alisisitiza isomwe hivi: kwa ajili ya Isidore, aliyekufa kwa uongo wa Vainqueur. Watoto kwenye mabenchi walikuwa wakicheka waliposikia jina la yule wa harusi. Jina la Isidore lilikuwa linapita kama karani anavyosoma tarehe.

Alitembea mpaka nyuma ya ukuta wa soko, akakaa peke yake mpaka jioni. Siku hiyo hakuuza ndagala.

Kesho yake alikwenda Lusenda kwa Cassilde, mjane wa Pierre-Claver. Hawakuonana mara nyingi. Kila mmoja akimwona mwenzake alimwona pia mfu wake. Cassilde alikuwa akichambua maharage mbele ya mlango, na watoto wawili wa majirani walikuwa wakimsaidia. Mama Pulchérie akawasikia wakiulizana habari ya mti mmoja wa parachichi uliokuwa karibu na njia, na mmoja akasema, "Ni ya Pierre-Claver." Walikuwa wadogo mno, hawangeweza kumjua.

"Cassilde, namna gani batoto banajua bwana yako?"

"Ndiye aliyeupanda," akajibu Cassilde, akistaajabu kwa swali. "Kila nikipita nao ninawaambia. Ni mti wa Pierre-Claver. Alikuwa mfupi, alikuwa anapanda ngazi ili achume. Wanacheka."

"Na ule mwingine? Unamutaja?"

Cassilde akatupa haragwe bovu pembeni. "Mama Pulchérie, kinywa changu ni kidogo. Pierre-Claver peke yake anakijaza."

Alisema hivyo bila kujivuna, akaendelea kuchambua. Mama Pulchérie alimwomba aje siku ya bomba. Cassilde akakubali kwa sharti moja, kwamba hatapanda jukwaani, maana hapendi kutazamwa.

Siku ikafika. Viti vya plastiki vilipangwa, hema likafungwa, na spika mbili kubwa zikawekwa kando ya koki. Mama Pulchérie alikuwa amepewa na Henri nafasi ya kusema, na alikuwa amejiandaa: atasema habari za wafu tu. Yule mwingine hatamtaja hata kwa kumlaani. Alivaa kitenge chake cha misa. Kisha spika ikakohoa, na sauti aliyoijua ikajaa njia panda nzima.

"Baraka, muko wazima?"

Henri alikuwa amemwita Vainqueur kuendesha sherehe. "Mama, bila yeye bantu hawakuye," akamnong'oneza, akitazama viatu vyake. Na kweli watu walikuja. Walijaa mpaka barabarani, walipanda juu ya ukuta, pikipiki zilishindwa kupita. Vainqueur, katika suti ya rangi ya maziwa, alikuwa akitoka jasho na kulipangusa kwa kitambaa alichokirudisha mfukoni na kukitoa tena. Aliwataja wakubwa, akawataja wafadhili, akafanya utani juu ya mama mnene wa safu ya mbele. Wakamwomba ile ya ghala. Akawafanyia kipande kidogo, cha kuonja tu. "Mi nilikuwa..." akasema, akaelekeza kipaza sauti kwa watu, na umati ukajibu, "Ndani!"

Kisha akashusha sauti. Akaweka mkono kifuani.

"Bandugu, nimesikia kuna maneno juu ya jina ya hii bomba. Banataka kuandika jina yangu. Mi nasema apana!" Akawaacha wangoje. "Mi sitaki. Mi nataka iandikwe jina ya rafiki yangu, papa yangu, alinilishaka, Isidore. Mi, Vainqueur, njo natoa hii bomba kwa Isidore! Musamaha njo kitu kikubwa. Mupige mikono!"

Wakapiga. Mungu wangu, walivyopiga! Akina mama walifuta machozi. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba huyu Vainqueur, hata kama alikosa zamani, ana moyo. Mchoraji aliyekuwa akingoja na kopo lake la rangi ya bluu alionyeshwa kwa kidole aanze, na I ya kwanza ikaonekana ukutani. Vainqueur akashuka jukwaani, akaja mikono wazi, akamkumbatia Mama Pulchérie mbele ya simu zote zilizokuwa zikipiga picha. Alinuka marashi na nyama choma. Shavu lake lenye jasho likagusa la mama huyu, na akamwambia sikioni kwa upole wa mtu anayeamini maneno yake mwenyewe, "Mama yangu mupenzi, umeona? Nimekusaidia."

Alikuwa amepata alichokitaka, na kilikuwa kimelambwa. Alitamani kumshika yule mtu shingo, alitamani kumwita muuaji mpaka spika zipasuke. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Aliona nyuso mbele yake zikingoja hilohilo kwa hamu. Lingekuwa tamasha, lingesimuliwa mwaka mzima, na jina lingekuwa la nani? Akamwona Cassilde, amesimama nyuma kabisa, amejifunika kanga kichwani. Akachukua kipaza sauti.

"Isidore," akasema. "Bwana yangu. Alilimaka karanga. Aliimbaka ku chorale lakini hakukuwa na sauti, bakamuweka nyuma. Radi ikipiga alikuwa anaingia chini ya kitanda, muntu muzima. Hii nyumba ni mikono yake. Pierre-Claver, ndugu yake, wa Lusenda. Alikuwa mufupi, anapanda ngazi kuchuma avoka. Balifunga mulango ya ghala juu ya kuku, zisiingie. Balikuwa banagawanya mbegu. Ni ile tu."

Mtu fulani kule nyuma akapiga kelele, "Mama, na Vainqueur je?" Wengine wakacheka. Akarudisha kipaza sauti, na Vainqueur akakipokea kwa adabu kubwa.

"Mumesikia," akauambia umati. "Mama amenishukuru kwa namna yake. Muziki!"

Ndivyo ilivyokuwa. Maji yakafunguliwa, watu wakacheza, na rangi ya bluu ikakauka ukutani: ISIDORE. Mama Pulchérie aliingia ndani akaosha shavu kwa sabuni ya kufulia, akaosha tena. Cassilde alikaa naye mpaka sherehe ikatawanyika. Waliongea habari za waume zao, na mara mbili walicheka.

Tangu siku hiyo Mama Pulchérie akaacha kushuka kwenye duka la vipuri. Akipanda pikipiki husema anakokwenda, na husema kwa nguvu. Wiki chache zilizopita alipanda kwa kijana mmoja mgeni kwenye kazi ile.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Kwa Isidore."

"Sijue kule."

"Endesha, nitakuonyesha."

Njia nzima akamweleza. Karanga, chorale, radi na kitanda. Dereva alikuwa msikivu, aliuliza maswali, alicheka mahali pa kuchekea. Mama Pulchérie akaona njia imekuwa fupi. Walipofika, kijana akafunga breki mbele ya bomba, akasoma ukuta, na uso wake ukachangamka.

"Aaa! Kumbe ni ile bomba Vainqueur alitoaka! Mama, ungesema tu Kwa Vainqueur, mi najua fasi."

Mama Pulchérie hakushuka. Maji ya ndagala yaliyobaki yalikuwa yakinuka kwenye beseni tupu, jua lilikuwa kali, na miguu ilikuwa inamuuma tangu alfajiri. Mlango wa nyumba yake ulikuwa pale, hatua chache tu.

"Rudi," akasema.

"Turudi wapi, mama?"

"Pa soko. Nitakulipa ya kwenda na ya kurudi."

Kijana akageuza shingo amtazame kama ana homa. Hakuona homa. Akageuza pikipiki, na wakairudia njia yote, wakapita duka la vipuri, wakafika kituoni, ambako Patrice na wenzake walianza kucheka kisha wakaacha. Kijana akazima injini. Mama Pulchérie alikuwa bado amekaa. Akaweka beseni lake vizuri mapajani.

"Sasa niulize."

Dereva akaangalia wenzake. Hakuna aliyemsaidia.

"Mama," akasema, "tunaenda wapi?"

"Kwa Isidore."

"Kwa Isidore," akarudia kijana, akawasha pikipiki.